Kuwaka haraka kwa nani? Draiva zisizosubiriana na kompyuta ya steshenari ya Bukoba

Umeme umerudi. Aliyewahi kushinda kwenye steshenari pale Bukoba mjini anaijua dakika hiyo: feni inaanza kuzunguka, redio ya duka la jirani inalipuka kwa sauti, na watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la nje wananyanyuka wote kwa pamoja. Mama mwenye duka anabonyeza kitufe cha kompyuta. Halafu tunasubiri. Mbele yangu siku hiyo alikuwepo kijana aliyetoka Muleba asubuhi, ameshika cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha ya plastiki, anataka kukiskani akiambatishe kwenye maombi yake ya mkopo wa chuo. Aliuliza mara mbili gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi.

"Mwanangu, si wewe unasomea haya mambo?" mama akanigeukia. "Hii mashine kwa nini inajivuta hivi?"

Nikajibu kisomi. Nikaeleza kwamba mifumo endeshi ya siku hizi imeshatatua tatizo hilo: zamani draiva zilipakiwa moja baada ya nyingine, sasa zinapakiwa zote kwa mpigo bila kusubiriana, kwa hiyo kompyuta inawaka haraka. Mama akaitazama skrini, kiduara kinazunguka tu. "Basi hii yangu haijaambiwa," akasema.

Makala hii ni ya kulikosoa jibu nililompa. Nimelisikia kwenye madarasa, nimelisoma kwenye makala za kueleza sayansi kama hizi zetu, na mimi mwenyewe nimelirudia mara nyingi. Teknolojia yenyewe ni nzuri, nitaitetea hapa chini. Tatizo ni namna tunavyoisifia. Tunaisifia kwa kazi isiyofanya, na ile inayoifanya kweli tunaipita kimya, pamoja na gharama yake.

Tuanze na draiva. Ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa fulani. (Usiichanganye na dereva wa Hiace, ingawa kazi zinafanana: wote wawili wanaendesha kitu ambacho abiria hajui kukiendesha.) Mfumo endeshi haujui kuongea na kadi yako ya mtandao. Unachojua ni kumtafuta anayeijua. Kompyuta inapowaka, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inavipitia vifaa vilivyomo, kila kimoja inakitafutia draiva yake, na draiva inakwenda kupiga hodi. Inatuma amri ya kukiamsha kifaa, inasubiri kijibu, inakiuliza wewe ni nani na unaweza nini, kisha inakiandikisha.

Hapo kwenye kusubiri ndipo mambo yalipo. Vifaa vingine ni vizito kuamka. Diski ya sahani lazima kwanza izunguke mpaka ifikie kasi yake ndipo iitikie. Vingine vinasubiriwa kwa amri ya kanuni: kiwango cha USB 2.0 kinataka kifaa kikishachomekwa kisubiriwe angalau milisekunde 100 ili mguso wa umeme utulie, ndipo kianze kusemeshwa. Hata ukinunua prosesa itakayotengenezwa kesho kutwa, milisekunde hizo ni zilezile. Na flashi ukiichomeka kwenye Linux, draiva yake inasubiri sekunde nzima kabla ya kuigusa, makusudi kabisa, kwa sababu zipo zinazochanganyikiwa zikiharakishwa.

Sasa fikiria mjumbe wa nyumba kumi anayepita kuwaita watu kwenye mkutano. Kwa mtindo wa zamani anapiga hodi nyumba ya kwanza, anasimama mlangoni mpaka mzee amalize uji, avae viatu, atoke, ndipo aende nyumba ya pili. Mtindo wa pili, ambao wataalamu wanauita asinkronasi, ni huu: anapiga hodi, akisikia "nakuja" anasonga mbele. Mzee anavaa viatu mjumbe akiwa nyumba ya tatu.

Likizo moja nilikuwa Muleba nikisaidia mafunzo ya kompyuta kwa vijana wa sekondari, na sikueleza hivyo. Nilisema mfumo unatuma wajumbe kumi kwa wakati mmoja. Inasikika vizuri, darasa likaitikia kwa vichwa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Kaka, hii tuliyonayo hapa umesema ina kore moja. Hao wajumbe kumi wanatoka wapi?"

Sikuwa na jibu papo hapo, na nilistahili kuumbuka. Hakuna wajumbe kumi. Kwenye mashine ya kore moja mjumbe ni mmoja, na bado njia hii inamsaidia, kwa sababu muda unaookolewa ni wa kusimama mlangoni. Kutembea ni kulekule. Kufanya kazi nyingi kwa mikono mingi ni jambo moja, na kutokaa bure wakati unamsubiri mwenzako ni jambo lingine. Kwenye maelezo ya mtaani yote mawili yanatupwa kwenye kapu moja, na ndipo mtu anaamini kuwa kompyuta yenye kore nane itawaka mara nane haraka zaidi. Haiwaki hivyo.

Upo pia ujanja mchungu ambao makala nyingi hazigusi. Draiva zinasubiri kwa namna mbili. Ipo inayosubiri kwa kulala: inaiambia kerneli "niamshe baada ya milisekunde 50", prosesa inapata nafasi ya kuhudumia wengine. Na ipo inayosubiri kwa kuzunguka, inahesabu moja, mbili, tatu huku imeishikilia prosesa haiachii. Kwenye kore moja, draiva ya aina ya pili ni mjumbe anayeng'ang'ania mlangoni akigonga mfululizo. Unaweza kuandika "asinkronasi" juu yake kwa wino mwekundu, haitakuokolea kitu.

Basi tupige hesabu kidogo, namba ni za mfano tu. Tuseme diski inahitaji sekunde 2 kuamka, kadi ya mtandao sekunde 1, vifaa vya USB sekunde 1, kadi ya sauti nusu sekunde. Vikipangwa foleni ni sekunde 4.5. Visiposubiriana vitakwisha pamoja na kile kizito kuliko vyote, yaani kama sekunde 2. Umeokoa 2.5. Kwa mhandisi wa kerneli huo ni ushindi, maana amepunguza zaidi ya nusu. Lakini kama safari nzima, kutoka kitufe mpaka ukurasa wa kwanza, ni sekunde 90, basi umempunguzia mteja chini ya asilimia 3. Gene Amdahl alishaionyesha hesabu ya aina hii mwaka 1967: faida ya kuharakisha sehemu moja inabanwa na ukubwa wa zile sehemu ambazo hukuzigusa. Mteja kwenye benchi hamjui Amdahl ila anamhisi.

Nitazungumzia zaidi Linux kuliko Windows, ingawa steshenari nyingi zinatumia Windows. Sababu ni kwamba historia ya Linux imeandikwa hadharani na unaweza kuona nani alibadilisha nini na ikaharibika wapi.

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Septemba 2008. Kwenye mkutano wa Linux Plumbers mjini Portland, Marekani, wahandisi wawili wa Intel, Arjan van de Ven na Auke Kok, walionyesha laptop ndogo ya Asus Eee PC ikiwaka kwa sekunde 5. Inasimuliwa kana kwamba draiva ziliachiwa zikimbie na mambo yakaisha. Ukiangalia walichofanya, utaona kitu tofauti. Walianza na bajeti: kerneli sekunde 1, matayarisho ya mwanzo sekunde 1, mfumo wa picha sekunde 1, mazingira ya mezani sekunde 2. Kila programu ikaulizwa unatumia muda wa nani. Wakakuta, kwa mfano, laptop inasubiri sendmail iwake, programu ya kusambaza barua pepe kwenye seva, ambayo mwenye laptop hata hajui anayo. Nyingi ya kazi yao ilikuwa kufuta vitu. Halafu ile Eee PC haikuwa na diski ya sahani, ilikuwa na hifadhi ya flashi. Hilo la mwisho lishike, tutalirudia tukiwa dukani.

Asinkronasi kwenye kerneli yenyewe iliingia mwanzoni mwa 2009, toleo la 2.6.29, kwa mkono wa huyohuyo van de Ven. Na hapa ndipo nampongeza kuliko kwenye zile sekunde 5, kwa sababu alielewa kilicho kigumu. Kuachia kazi ziende zenyewe ni rahisi. Kigumu ni kuzikusanya zirudi kwa utaratibu. Suluhisho lake ni kama namba za foleni hospitali. Kila kazi ikiachiwa inapewa namba inayopanda. Ndani huko inaweza kumaliza wakati wowote, lakini kabla ya kukitangaza kifaa hadharani kwa jina, draiva inasubiri wote wenye namba ndogo kuliko yake wamalize. Kwa hiyo diski mbili zinaamka pamoja, ila ya kwanza inaandikwa kuwa ya kwanza na ya pili kuwa ya pili, kama jana.

Hata hivyo, zilijitokeza kasoro, na katika toleo hilo la 2.6.29 kitu chote kikazimwa. Anayekitaka alilazimika kuomba mwenyewe kwa kuandika neno fastboot wakati wa kuwasha. Kilikuja kuwashwa kwa kila mtu kwenye 2.6.30, miezi michache baadaye. Sehemu hii ya hadithi sijaisikia darasani hata mara moja. Ningependa ifundishwe kabla ya zile sekunde 5.

Kwa nini kasoro? Kwa sababu foleni ya zamani, pamoja na uvivu wake, ilikuwa inatupa kitu cha bure: mpangilio. Watu walikuwa wameandika programu zinazoutegemea mpangilio huo bila wao kujua. Chukua kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, moja inaelekea intaneti, nyingine inaelekea kompyuta za dukani. Kwa desturi ya Linux ya zamani kadi ya kwanza kuitikia hodi inaitwa eth0, ya pili eth1. Ukaandika sheria zako za usalama ukitumia majina hayo. Zikiacha kusubiriana, leo hii imetangulia, kesho ile. Siku majina yakibadilishana, sheria za kukulinda dhidi ya intaneti zinakaa upande wa dukani, na upande wa intaneti uko wazi. Halafu haitokei kila siku. Inatokea mara moja katika kuwasha mara thelathini, fundi akija inakataa kutokea, anaonekana mteja ndiye mwongo.

Ndiyo maana Linux zilihamia taratibu kwenye kuzitambua sehemu za diski kwa UUID, namba ndefu iliyoandikwa ndani ya sehemu yenyewe, badala ya kusema "diski ya kwanza". Na ndiyo maana systemd, programu inayoratibu uwakaji kwenye Linux nyingi, toleo lake la 197 la Januari 2013 likaanza kuzipa kadi za mtandao majina yanayotokana na mahali zilipochomekwa. Ukiona kadi inaitwa enp3s0 usitukane, jina lile baya ni risiti ya malipo. Tulitaka kasi, tukapoteza mpangilio, na ilibidi mtu akae chini abuni namna nyingine ya kuvitambua vitu.

Tatizo dogo linalofanana na hilo ni draiva kutegemeana. Skrini ya kifaa kidogo haiwezi kuamka kabla ya chipu inayoipa umeme. Tangu Linux 3.4 ya mwaka 2012 draiva ikikuta anayemtegemea bado hajaamka inaruhusiwa kujibu "nirudieni baadaye", inawekwa pembeni, inajaribiwa tena. Inafanya kazi, lakini ni hodi inayopigwa mara nyingi. Tusidai kuwa ni bure.

Kisha ikaja 2014, na kwangu hiki ndicho kisa bora cha kufundishia, ingawa hakina laptop ya kupendeza. Kwenye seva kubwa zipo kadi za diski na za mtandao ambazo draiva zake zinachukua muda mrefu kupiga hodi, maana zinakagua diski nyingi. Programu inayosimamia kazi hiyo, systemd-udevd, ilikuwa imewekewa ukomo: mfanyakazi wake akizidisha sekunde 30, anauawa. Waliouweka ukomo huo walikuwa na nia njema, hawakutaka kitu kikwame. Lakini matokeo yake draiva iliyokuwa inafanya kazi yake sawasawa inakatwa katikati, na seva inawaka bila diski zake. Nani mwenye kosa? Udevd ilidhani kupakia draiva ni jambo la haraka. Kerneli kwa upande wake ilikuwa imefunga vitu viwili kwenye kamba moja: kuiweka draiva kwenye kumbukumbu, ambako ni haraka, na kuamsha kifaa, ambako huwezi kukuwekea saa.

Luis Rodriguez na Dmitry Torokhov ndio waliosukuma dawa yake, ikaingia kwenye Linux 4.2 mwezi Agosti 2015. Draiva ikawa inaweza kusema: mimi naruhusu kupigiwa hodi pembeni, endeleeni. Angalia vizuri neno "inaweza". Hawakuziwashia zote. Kila mwandishi wa draiva anajitangaza mwenyewe baada ya kuhakikisha hakuna anayetegemea mpangilio wake wa zamani. Wapo wanaoona huo ni woga, kwa sababu miaka ikapita na draiva nyingi zikabaki kwenye foleni. Mimi naona ni heshima. Mashine zilizoko mitaani ni nyingi na za kila umri, hujui ni ipi inategemea bahati.

Sasa turudi dukani, maana mama bado anasubiri.

Nilipofungua kifuniko cha mashine yake nilikuta diski ya sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika. Piga hesabu: mizunguko 120 kwa sekunde, kila mzunguko milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko ili herufi unazozitaka zipite chini ya sindano, kama milisekunde 4.2, na kabla ya hapo sindano yenyewe imesafiri kama milisekunde 9 kufika kwenye mstari wake. Jumla 13 hivi. Maana yake, ikiombwa vipande vilivyotawanyika, diski hiyo inaleta kama 75 kwa sekunde, basi. Windows inapowaka inaomba maelfu.

Hapa asinkronasi inaweza hata kuumiza. Programu kumi zikiomba kwa wakati mmoja kwenye diski yenye sindano moja, sindano inarukaruka huku na kule, kila mmoja anapata kijiko kimoja kwa zamu. Microsoft walilijua hili mapema. Windows XP ya mwaka 2001 iliwekewa shabaha ya kuwaka kwa sekunde 30, na mbinu yao ilikuwa kukumbuka faili gani zinahitajika wakati wa kuwaka, kuzisoma kwa mpangilio mzuri wa diski, na wakati huohuo draiva ziendelee kuamsha vifaa. Yaani kusubiri kwa aina moja kunafunikwa na kazi ya aina nyingine. Huo ni ufundi. Lakini unaufaa mfumo uliokaa kwa mpangilio. Mashine ya mama ilikuwa na programu tatu za kulinda virusi, mbili zikigombana, na kila kilichowahi kusakinishwa kilijiandikisha kianze chenyewe. Ukifungua orodha ya kazi zinazoendelea, safu ya diski imekaa asilimia 100 muda wote, prosesa inapumua.

Hapo ndipo jibu langu kwa mama lilipokosea zaidi. Hakuwa anaulizia draiva. Draiva zake huenda zilishamaliza kupiga hodi kabla sijafungua mdomo. Alichotaka kujua ni lini atatoa karatasi.

Na hili ndilo lawama langu kubwa kwa namna tunavyoandika kuhusu kasi ya kuwaka. Saa inasimamishwa mahali pazuri kwa mwandishi. Wa kerneli anaisimamisha kerneli inapomaliza. Wa mazingira ya mezani anaisimamisha picha ya nyuma inapoonekana. Windows Vista ilileta huduma zinazocheleweshwa kwa makusudi kama dakika mbili baada ya nyingine kuanza, ili meza ionekane mapema. Si ulaghai, kuna huduma ambazo kweli hazina haraka. Ila mtu akiona meza akabofya na hakuna kinachofunguka, hajapewa kasi, amehamishiwa kusubiri kwake kutoka skrini nyeusi kwenda skrini ya buluu yenye picha ya mlima.

Hata vipimo vinadanganya kama hujui kuvisoma. Kwenye Linux amri ya systemd-analyze blame inakupa orodha ya huduma na muda wa kila moja, na vijana wanaizima ya juu kabisa wakidhani wamemkamata mwizi. Maelezo ya amri hiyo yenyewe yanaonya kwamba huduma inaweza kuonekana nzito kwa sababu tu ilikuwa inaisubiri nyingine. Tumia systemd-analyze critical-chain, ambayo inaonyesha nani kamsubiri nani. Vitu visiposubiriana, jumla ya muda wa kila kimoja haikuambii chochote. Unachotakiwa kukitafuta ni ule mnyororo mrefu kuliko yote.

Kisha lipo suala la Windows 8 na zilizofuata. Mwaka 2012 Microsoft walileta njia ya kuwaka haraka ambayo kwa kweli ni kutozima kabisa. Ukibofya kuzima, programu zako zinafungwa, lakini hali ya kerneli na draiva zake inaandikwa kwenye diski, na kesho inasomwa ilivyo. Hodi nyingi zinaepukwa. Ni wazo zuri Ulaya, kwenye umeme usiokatika. Kwetu Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa ikitoka Uganda na si kwenye gridi ya taifa, mtu haanzi asubuhi kwa kompyuta aliyoizima jana vizuri. Anaanza na iliyokatikiwa umeme katikati ya kazi. Hapo hakuna hali iliyoandikwa, hakuna cha kusoma. Mashine inawaka safari nzima kutoka mwanzo, na juu yake inaweza kukagua diski kama faili zimeumia. Yaani njia ya haraka inapatikana siku usiyo na haraka, na siku benchi limejaa haipo. Sijaona makala hata moja ya kusifia njia hiyo iliyotaja kukatika kwa umeme.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani nimeikataa asinkronasi. Kwenye simu yako, kwenye king'amuzi, kwenye seva yenye diski arobaini, bila hiyo tungekuwa tunasubiri mpaka leo. Ninachokataa ni kumjibu mwenye duka kwa kitu kilichotatuliwa kwenye mashine isiyo yake. Kwa mashine yake majibu yalikuwa mengine na ya kawaida kabisa: toa diski ya sahani weka SSD, ambayo haina sindano ya kurukaruka, bakiza kinga moja ya virusi, ondoa vinavyojiwasha, na UPS ndogo, hata ya kumpa dakika kumi tu azime mashine kwa utaratibu. Alifanya la pili na la tatu siku ileile, kwa kuwa hayana gharama. SSD alisema tusubiri msimu wa kufungua shule.

Yule kijana wa Muleba cheti chake kilitumwa. Aliondoka mbio kuelekea stendi hata chenji yake hakuchukua, mama akaiweka kwenye droo.

Siku nyingine nilipita pale, umeme ulikuwa umerudi muda huohuo. Nikamwona mama anawasha printa kwanza, halafu skana, halafu kompyuta, kisha anageuka kuwasikiliza wateja na kuandika kwenye daftari nani anataka nini. Nikamuuliza kwa nini anaanza na printa.

"Ile inachelewa kupata moto," akasema. "Hii nyingine ikiamka inaikuta tayari. Kwani ninyi chuoni mnafanyaje?"